Mkia wa Mshale

Mtu akishika mshale, jicho lake huenda kwanza kwenye chuma. Huko ndiko kwenye hatari, na hadithi zote huanzia huko. Katika Makumbusho ya Uganda, kando ya Barabara ya Kira, nimewasikia wanafunzi wakimbana mwalimu wao kwa maswali ya sumu: hutoka mti gani, huua kwa muda gani, na mwindaji akijikwaruza je? Hakuna aliyeuliza habari za mkia. Na bado mshale usio na mkia mzuri, uwe na chuma kikali namna gani, ni kijiti tu kinachopinduka hewani na kumgonga mnyama kwa ubavu.

Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 ndani ya ngome ya Lugard kwenye kilima cha Old Kampala, yakahamia Makerere, kisha mwaka 1954 yakapata jengo lake la sasa, lililosanifiwa na Ernst May. Margaret Trowell, aliyeyatunza wakati yakiwa Makerere, alichapisha pamoja na Klaus Wachsmann kitabu cha Tribal Crafts of Uganda mwaka 1953, na mpaka leo anayetaka kujua nchi hii ilitengeneza nini kwa mikono yake huanzia hapo. Kampala si mji wa upinde, hilo lazima lisemwe. Buganda ilipigana kwa mkuki na ngao, na ngao hiyo na mikuki miwili ndiyo iliyo katikati ya nembo ya taifa. Upinde una kwao pembezoni: Bwamba na Bukonzo chini ya Rwenzori, na kwa Batwa wa kusini magharibi. Hao Batwa, tangu Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, hawaruhusiwi tena kuwinda katika msitu uliowalea, na siku hizi wengine huvuta upinde mbele ya wageni wanaolipia kutazama.

Lakini mji mkuu hupokea kila ufundi, hata ule ambao haukuzaliwa nao. Mzee ninayemwandika hapa anaishi Namuwongo, upande wa bondeni, karibu na reli iendayo Port Bell. Baba yake, Mkamba wa Kitui, aliletwa Kampala na kazi ya reli, ambayo yenyewe ilifika mjini mwaka 1931. Nyumbani kwao Kikamba kilikuwa cha jikoni, Kiganda cha sokoni, na Kiswahili cha kila kilichotengenezwa kwa chuma. Ufundi wa mishale aliupata kwa babu yake, likizo za shule, Kitui. Maisha yake yote alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na mishale ilikuwa kazi ya jioni. Sasa macho hayastahimili tena mwanga wa kuchomelea, na mishale imekuwa kazi ya mchana. Huiuza kwa fungu kwa wenye vibanda vya sanaa mjini, wale wa Barabara ya Buganda na wale wa nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo. Wanunuzi ni watalii. Mshale huo utafungwa ndani ya sanduku, utavuka bahari, na utatundikwa ukutani. Hautaruka kamwe. Yeye anajua hivyo, na anaufanya uweze kuruka.

Uti wa mshale huanza mbali na Namuwongo. Fito za mkole humfikia kwa basi la kutoka Nairobi, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kila moja unene wa kidole kidogo. Huzining'iniza darini, mbali na jua, mpaka ziishe maji. Fito iliyokaushwa juani hupasuka. Iliyokaushwa kivulini hujikunja tu, na iliyojikunja inanyoosheka. Akitaka kuanza, huliambua ganda kwa kisu kisicho kikali sana, kisha huwasha makaa machache kwenye sigiri. Hupitisha fito juu ya joto, polepole, akiigeuza muda wote ili isiungue upande mmoja. Mti ukishapata moto hulegea. Hapo huikamata kwa mikono miwili mahali palipopinda, huikandamiza kinyume, na kuishika hivyo bila kusogea mpaka ipoe. Kisha huinua fito usawa wa jicho na kuitazama kwa urefu, jicho moja limefumbwa. Hurudi kwenye sigiri. Hutazama tena. Sijawahi kumwona akiridhika kwa mara ya kwanza.

Jaribio la mwisho la unyoofu ni la kucha. Huweka fito juu ya kucha za vidole gumba viwili na kuizungusha. Fito iliyonyooka huzunguka kimya. Iliyopinda, hata kama jicho halikuona, hutetemesha kucha. Ikipita hapo, huilainisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika, akikwangua kwa urefu, na kumalizia kwa jani la msasa, ambalo lina ukali wa kutosha kuung'arisha mpingo, sembuse mkole. Karatasi ya msasa ya dukani anayo, imekaa kwenye kopo. Anasema huacha mikwaruzo mirefu ambayo baadaye ukano hauishiki vizuri.

Kisha hukata pengo la kukaa ugwe. Kazi hii ni ya dakika chache, ila inaamua mengi. Hutumia kipande cha msumeno wa chuma, hukata mwisho mnene wa fito, na huhakikisha mkato unapita katikati kabisa. Pengo lililoegemea upande mmoja litausukuma mshale upande huo, na hakuna unyoya utakaouokoa. Chini ya pengo huzungusha ukano mara kadhaa, umekazwa, ili siku ugwe utakapousukuma mshale kwa nguvu zote mti usipasuke kuelekea mbele.

Sasa manyoya. Yamo ndani ya bati la biskuti, yametengwa kwa gazeti katika mafungu mawili, na mafungu hayo hayachanganywi. Fungu moja ni la bawa la kulia, jingine ni la bawa la kushoto. Ukishika unyoya wa bawa na kuutazama kutoka kwenye shina lake utaona kwamba haukulala sawa: una mpindo mdogo, na mpindo wa kulia ni kinyume cha ule wa kushoto. Mshale mmoja huvaa manyoya ya upande mmoja tu. Ukiweka mawili ya kulia na mmoja wa kushoto, mawili yatataka kuuzungusha mshale huku, na wa tatu utataka kuuzungusha kule; mshale utapoteza mwendo katika ugomvi huo. Yakitoka upande mmoja, hewa huyapiga yote kwa namna moja, na mshale huruka huku ukijizungusha, ncha mbele, mkia nyuma, njia imenyooka.

Mengi ya manyoya hayo ni ya bata mzinga. Kampala hula bata mzinga kila Krismasi, na mwezi wa Desemba wachinjaji wa kuku sokoni humwekea mabawa wanayoyakata na ambayo wangeyatupa. Nilimuuliza kuhusu kalooli, yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, maana huwezi kupita Wandegeya au Mulago bila kuona manyoya yake chini ya miti. "Yule ni mkubwa mno, mwanangu," alisema. Akanionyesha unyoya mmoja aliouokota zamani: mfupa wake wa kati ulikuwa mnene kuliko uti wa mshale wenyewe. Kuukwangua mpaka ufae ni kazi ya asubuhi nzima, na ukishafaa bado unauzidishia mshale uzito nyuma. Babu yake alitumia manyoya ya tai mzoga, na hata leo mzee husema hakuna mfano wake kwa ugumu na kwa kustahimili mvua. Lakini tai mzoga wa Kampala, yule mdogo wa kahawia anayezunguka machinjioni, yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haichezi na mtu anayekutwa na viungo vya wanyama wa porini. Korongo taji, ndege wa taifa, hata hakumtaja.

Wapiga mishale wa Uingereza walimtegemea bata bukini kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1417 Mfalme Henry wa Tano, akijiandaa kwa vita Ufaransa, aliagiza wakuu wa majimbo wakusanye manyoya sita ya bawa kutoka kwa kila bata bukini. Na huko London kazi ya mkia ilihesabiwa kuwa ufundi kamili unaojitegemea: mwaka 1371 wenye kuvika mishale manyoya walimwomba meya awatenge na wenye kuchonga pinde, ili fundi achague moja na asifanye yote mawili. Nimemsimulia mzee habari hizo. Alizikubali bila mshangao, ila alitaka kujua kama serikali ililipia yale manyoya.

Kupasua unyoya ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonitisha. Mfupa wa unyoya una mfereji mwembamba chini yake, tangu shinani hadi ncha. Mzee huulaza unyoya juu ya ubao, huubana kwa kidole gumba, huchomeka ncha ya wembe ndani ya mfereji huo, na badala ya kuusukuma wembe huuvuta unyoya. Wembe haukimbii. Unyoya huachana taratibu, nusu huku na nusu kule, na kila nusu hubaki na nyuzi zake zilizoshikana. Upande mmoja wa unyoya ni mpana, mwingine ni mwembamba. Ule mwembamba huuweka kando, wa mjukuu kuchezea. Ule mpana huukata vipande vya urefu wa kiganja, na kipande cha katikati ndicho bora, maana shinani ni kugumu mno na nchani ni kulegevu.

Kisha kukwangua. Nusu ile ya mfupa iliyobaki bado ni nene na ina uboho mweupe ndani. Huibana kati ya vijiti viwili vilivyofungwa pamoja, mfupa ukitokeza juu kidogo, na kuukwangua kwa ukingo wa kipande cha chupa, mipapaso mifupi, akipuliza vumbi jeupe kila baada ya michache. Anataka uwe mwembamba kama ganda la kitunguu, ila usawa kote, maana penye unene pataubana mti vibaya na penye wembamba wa kupindukia patakatika ukano ukikazwa. Kidole ndicho kipimo. Hupitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya mfupa, huku na huko, na pale kinaposita ndipo anaporudisha kipande cha chupa. Hapo nimekaa na kutazama, redio ikimaliza taarifa ya habari na kuanza mahubiri, na kipande kilikuwa bado ni kile kile.

Mshale mmoja unahitaji vipande vitatu vinavyolingana. Akipata viwili vilivyo sawa na cha tatu kimezidi uzito kidogo, hukirudisha kwenye bati kingojee wenzake.

Kabla ya kuviweka huna budi kugawa mzunguko wa uti sehemu tatu sawa, na uti una unene wa kidole kidogo. Hatumii kipimo cha chuma. Huchukua uzi mkavu wa mgomba, huuzungusha mara moja kwenye fito, huukata mahali unapokutana, huunyoosha, na kuukunja sehemu tatu sawa. Mikunjo hiyo huirudisha kwenye fito na kuweka alama kwa kalamu ya risasi. Alama ya kwanza lazima iwe kwa pembe mraba na mstari wa pengo, ili mpiga akiweka mshale kwenye ugwe, unyoya mmoja utazame nje, mbali na upinde, na hayo mawili mengine yapite pembeni mwa mti wa upinde bila kuugonga kwa nguvu. Kati ya mwisho wa manyoya na pengo huacha nafasi ya vidole viwili. Hiyo ni nafasi ya mkono wa kuvutia.

Kufunga kwahitaji ukano. Hununua kwa mchinjaji wa Barabara ya Old Port Bell kano ndefu zinazopita kando ya uti wa mgongo wa ng'ombe, huzikausha juu ya bati la paa, huzigonga kwa nyundo ya mti mpaka ziachane kuwa nyuzi, na kuzichambua kwa kucha. Uzi mmoja huutia mdomoni na kuutafuna polepole wakati akipanga kazi. Ukilowa mate hulainika na kuwa na gundi yake mwenyewe. Haufungwi fundo, unajishika.

Anaanza mbele, upande ulio karibu na kichwa cha mshale. Vipande vitatu vimekaa kwenye alama zake, shina la kila kimoja likielekea mbele na nyuzi zikilala kuelekea pengo. Ncha moja ya ukano ameibana kwa meno. Hauzungushi ukano, anauzungusha mshale, kwa vidole vya mkono wa kushoto, na ukano unajilaza wenyewe, mzunguko ukigusa mzunguko, bila nafasi na bila kupandana. Kichwa chake hakisogei. Mkono wa kulia huzuia tu vipande visiteleze. Akimaliza mbele hukaza vipande kuelekea nyuma, kimoja kimoja, na kabla ya kuvifunga huvipa mteremko mdogo: mwisho wa nyuma wa kila kipande huusogeza kando, upana wa uzi wa cherehani, vyote vitatu upande mmoja. Ni mteremko usioonekana ukiutafuta kwa haraka. Huo ndio utakaouzungusha mshale.

Baina ya mafungo hayo mawili unyoya ungali unaweza kuinuka katikati. Zamani hapo palipakwa utomvu. Yeye hupitisha uzi wa cherehani, mweusi, kwa mzunguko wa hilizoni kutoka mbele hadi nyuma, na kila uzi unapokutana na unyoya huzitenganisha nyuzi za unyoya kwa mwiba wa mgunga, hupitisha uzi chini mpaka uguse mfupa, kisha huzifunga tena nyuzi zile kwa kuzipapasa kuelekea nyuma. Hapa ndipo unapoona unyoya ni kitu gani. Kila uzi wake una vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoshika uzi wa jirani. Ukivitenganisha vinaachia, ukivipapasa vinashikana tena, na pale mwiba ulipopita hapaonekani. Ndege hufanya hivyo hivyo kwa mdomo wake kila asubuhi. Mzunguko mmoja, manyoya matatu, mwiba mara tatu. Na mizunguko yenyewe imeachana kwa upana wa punje ya mchele.

Ufungaji huu una ndugu zake mbali. Meli ya kivita ya Mary Rose ilizama Uingereza mwaka 1545 na ikainuliwa mwaka 1982, na maelfu ya mishale ilipatikana ndani yake. Manyoya yalikuwa yameoza, lakini alama za uzi wa hilizoni zilibaki kwenye gundi. Na yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 ameganda katika barafu ya milima ya Alps, aliyeishi zaidi ya miaka 5000 iliyopita, alikuwa na mishale 14 katika podo lake. Miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, kila mmoja na vipande vitatu vya unyoya vilivyobandikwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi mwembamba. Kumi na miwili ilikuwa fito zikingoja. Baada ya kumtazama mzee wa Namuwongo, hesabu hiyo hainishangazi.

Si kwamba binadamu wote waliona lazima ya unyoya. Wasani wa kusini mwa Afrika hutumia mishale myepesi ya matete isiyo na mkia wowote, kwa kuwa humnyemelea mnyama mpaka karibu kabisa na kuiachia sumu kazi iliyobaki. Katika msitu wa Ituri, ng'ambo ya Rwenzori, Wambuti hupasua mwisho wa fito na kuchomeka kipande cha jani. Msituni hakuna shabaha ya mbali. Jani latosha, na likichakaa mti unaofuata una mengine. Wala unyoya si wa upinde peke yake: askari wa Roma wa karne za mwisho za dola yao walibeba nyuma ya ngao vishale vitano vya kurusha kwa mkono, vyenye donge la madini ya risasi kiunoni na manyoya mkiani. Vishale vya ubaoni vinavyorushwa leo baani vimevaa plastiki. Vya zamani, vya mbao, vilivaa bata mzinga, sawasawa na bati la biskuti la mzee.

Plastiki inafaa kwa mkono mtupu. Kwa upinde wa mti, unyoya hauna mbadala, na sababu yake ilikuja kuonekana wazi pale kamera za kasi zilipopatikana. Ugwe ukiachiwa, mshale haupiti kando ya upinde ukiwa umenyooka. Hujipinda kama nyoka, huuzunguka mti wa upinde, hujipinda upande wa pili, na kunyooka mbele ya safari. Wakati wa kupita, unyoya ukigusa upinde hulala, ukishapita husimama. Kitu kigumu kingegonga na kuusukuma mkia wote nje ya njia.

Baada ya kufunga huja kupunguza. Mkasi huacha ukingo wenye meno, kwa hiyo hutumia moto. Ana spoki ya baiskeli aliyoipinda kwa umbo analotaka, chini mbele na kuinuka taratibu kuelekea nyuma. Huichomeka kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, huuzungusha mshale mbele yake, na unyoya hukatika kwa mstari mmoja safi. Chumba hunuka nywele zilizoungua. Mjukuu hukimbia nje akiziba pua, kila mara, ingawa ameshaona mara nyingi. Mwisho hupaka nta ya nyuki juu ya ukano, kwa sababu ukano uliokauka ni mgumu ajabu lakini maji huurudisha ulivyokuwa mdomoni, na Kampala ina misimu miwili ya mvua.

Kichwa cha chuma anakichonga kwa misumari mikubwa, kwa haraka ya mtu aliyefanya kazi ya chuma maisha yake yote, na sina mengi ya kusema juu yake. Hakitiwi sumu. Lakini chini yake hukata alama ndogo ya ukoo wa babu yake, mikato iliyopishana, kama Wakamba walivyofanya ili mnyama akianguka ijulikane ni mshale wa nani.

Mwenye kibanda mmoja amemwambia zaidi ya mara moja kwamba anajichosha bure. Nilikuwepo aliposema kwa simu, sauti ikisikika ua mzima: "Mzee wangu, hii ni ya kutundika tu. Weka gundi, nani atajua?" Alitaka fungu lake la mishale kabla ya wikendi.

Mzee hakujibu hapo hapo, kwa sababu alikuwa amesimama uani na upinde mkononi. Kila fungu hujaribiwa. Shabaha ni shina la mgomba ambao mkungu wake umeshakatwa, na umbali ni urefu wa ua, hatua kama ishirini, watoto wa jirani wameamriwa kukaa nyuma ya tangi la maji. Hatazami kama mshale umepiga katikati. Anatazama namna ulivyoingia. Mshale uliosimama shinani umelingana na njia uliyopitia ni mzuri. Ulioingia mkia ukiwa umeegemea upande ulikuwa ukitikisika hewani, na wakati wa kutua ulikuwa bado haujatulia. Siku ile mmoja uliingia mkia ukitazama kushoto. Aliuchomoa, akaufuta maji ya mgomba, akaupiga tena. Kushoto tena. Akazungusha fito juu ya kucha: kimya. Akachungulia pengo: lipo katikati. Basi ni unyoya. Akapitisha kidole juu ya vile vipande vitatu, kimoja baada ya kingine, na kwenye cha tatu kidole kikasimama karibu na fungo la nyuma. Mteremko wake ulikuwa umepungua. Ukano ulipokuwa ukikauka ulikivuta kikanyooka.

Akaikwangua nta kwa kucha na kuutia mkia wa mshale kwenye bakuli la maji. Uzuri wa ukano ni huo, haukatwi. Ukilowa unafunguka wote, mzunguko kwa mzunguko, na unyoya unatoka mzima. Uliolala hupitishwa juu ya mvuke wa birika na kusimama upya. Kisha akaikumbuka simu.

"Mama," alisema, "kama ni ya ukutani, ukuta hauhami. Njoo Jumatano."

Ukano unataka siku nzima ya jua ili ukauke, na mvua za Septemba zilikuwa zimeanza.